Nilimuua mwalimu wangu mara nne, na makumbusho yetu ya Muleba yakapona

Ko. Ko. Ko-ko. Ko.

Wakuu, hicho ndicho nilichokisikia kabla sijaona kitu. Ilikuwa Muleba, saa moja na nusu asubuhi. Ukungu ulikuwa umelalia migomba na hauna haraka ya kuondoka, na ndani ya ukungu huo mbao ilikuwa inagonga mbao, taratibu, bila hasira.

Nawasalimu wote, wakongwe wa jukwaa na mliojiunga jana. Ninachosimulia kilinitokea mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha kwa sababu wahusika wana simu na huwa wanapita humu. Mengine ni kama yalivyokuwa.

Najua kuna mtu tayari ameanza kuandika "chai", yaani uongo, huko chini. Kaka, nipe nafasi nimalize kwanza.

Naishi Nshambya, Bukoba mjini. Ni mwandishi wa riwaya, maana yake nina riwaya moja iliyochapishwa na maboksi matatu ya nakala zake chini ya kitanda. Mama huyafuta vumbi kila wiki na kuniuliza kama kuna habari.

Sasa turudi kwenye ile sauti.

Niliifuata hadi nyuma ya jengo refu lenye bati lililogeuka rangi ya udongo. Hapo nikamkuta Mwalimu Adela amekaa kwenye kigoda, anaponda gome la mti kwa nyundo ya mbao. Alikuwa anatengeneza lubugo, ile nguo ya gome waliyovaa wazee wetu kabla ya pamba kufika huku. Gome linaingia likiwa gumu kama mkanda, linatoka laini kama shuka lililofuliwa miaka mingi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekonda. Hizo hadithi haziliwi?"

Ma Adela alinifundisha darasa la nne kule Bakoba, kata ya hapa hapa Bukoba mjini. Alipostaafu akarudi kwao Muleba, akaomba ghala la zamani la kahawa, akaanza kukusanya vitu ambavyo watu walikuwa wanavitupa: vibuyu, mikuki, vigoda, ungo, ngoma, vikapu vya kahawa ya kutafuna. Hivyo ndivyo makumbusho yetu yalivyozaliwa. Hayana mshahara, hayana bango la maana. Yana yeye tu.

Siku mbili kabla alikuwa amenitumia ujumbe WhatsApp, nauweka hapa kama ulivyo:

"Wewe si ndiye unayetunga vitu ambavyo havipo? Njoo ututungie miaka ishirini. Haraka."

Sababu ya haraka ni Evodius.

Ghala ni mali ya familia yake. Baba yake alimpa Ma Adela alitumie bure, kwa maneno tu, kama watu wa zamani walivyofanya mambo. Mzee alipofariki, ukoo ulikaa ukamtaja Evodius kuwa omusika. Kwa msio wa huku, omusika ni mrithi mkuu. Akishatajwa, kibanja, yaani shamba la nyumbani, kina mwenyewe, na kila anayeuliza "hapa kwa nani?" anajibiwa kwa jina lake.

Evodius anaishi Mwanza. Si mtu mbaya, tena ni mcheshi. Ila aliona ghala kubwa pembeni ya barabara, akaona lodge.

Alimpigia simu Ma Adela akamwambia hivi: "Jumamosi nakuja na fundi. Nionyeshe jumba hili litakuwa na kazi gani miaka ishirini kuanzia leo. Ukinionyesha, fundi anarudi Mwanza. Usiponionyesha, anaanza kupima vyumba."

Kwa hiyo tulikuwa na Alhamisi na Ijumaa.

Mniruhusu nichepuke kidogo, maana kuna watakaouliza mwandishi wa riwaya anahusikaje.

Niliwahi kuhudhuria semina ya siku tatu Bukoba. Mwezeshaji akatufundisha kitu wanachokiita strategic foresight. Nilidhani ni utabiri wa kisomi. Kumbe sivyo. Hutabiri. Unakusanya ishara za mambo yaliyoanza kubadilika, unachora kesho kadhaa zinazowezekana, nzuri na mbaya, kisha unatafuta hatua ambayo ukiichukua leo haitakutupa katika kesho yoyote kati ya hizo. Alisema makumbusho ndiyo yanayoihitaji zaidi, kwa sababu yamezoea kutazama nyuma hadi shingo inakakamaa.

Siku hiyo nilicheka kimoyomoyo. Bibi yangu wa Kaagya alikuwa anafanya hayo bila semina. Kwenye kibanja chake mgomba aliupanda kwa ajili ya mwakani, mbuni kwa ajili ya wanawe, na mti wa mbao kwa ajili ya watu ambao hatawaona. Hakujua mvua itakuwaje. Ndiyo maana hakupanda kitu kimoja.

Basi. Alhamisi tukaanza.

Kamati ya makumbusho ni watu wawili: Ma Adela na Ta Projest. Ta Projest (Ta ni baba, kama Ma alivyo mama) ni mkulima wa kahawa, jirani, na mtu ambaye hajawahi kuacha sentensi ya mwenzake ifike mwisho. Tulibandika karatasi za manila ukutani nikauliza, "Ni kitu gani kimeanza kubadilika hapa Muleba ambacho baba zenu wangekishangaa?"

"Kahawa," akasema Ta Projest. "Vijana hawaitaki. Wanataka kuinywa, hawataki kuichuma."

"Mvua," akasema Ma Adela. "Inakuja kama mtu aliyekunywa. Hujui saa wala mlango."

"Simu," akadakia Ta Projest. "Mjukuu wangu anamtazama ng'ombe kwenye simu, na ng'ombe yupo nje."

Nikaandika. Tukaandika watalii, barabara, ukungu unaopungua, watu wanaojenga kwa matofali hadi mji unafika shambani. Ukuta ukajaa. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Katikati ya kazi mlango ukasukumwa, akaingia Kemi.

Kemi anakodisha viti vya plastiki, mahema na mapambo ya harusi pale Muleba. Miaka thelathini na kitu, haraka haraka, simu mkononi, kalamu kwenye nywele.

"Ma, nina send-off kesho. Nahitaji vibuyu vinne, mkuki na kile kigoda cha bibi harusi."

"Huyu hapa mwizi wangu," Ma Adela akaniambia. "Kila wiki ananiibia makumbusho."

"Nakopa, Ma. Mwizi harudishi. Jumamosi asubuhi vitakuwa hapa."

"Kigoda kile mara ya mwisho kilirudi na keki!"

"Nilikifuta!"

"Ulikipaka."

Akavibeba akaenda. Mimi nilisimama na kalamu yangu nikisubiri usumbufu upite turudi kwenye mambo ya msingi. Wakuu, naomba mkumbuke hapo niliposimama. Nilikuwa nimeupa mgongo mlango na nimeelekeza uso kwenye karatasi zenye kichwa cha habari "ISHARA".

Ijumaa asubuhi nilikaa chini ya dirisha la ghala nikaandika kesho nne. Nisijisifu, lakini ziliniteremkia vizuri.

Katika ya kwanza Muleba imejaa wageni kutoka nchi nyingi, wanapanga foleni kuona ngoma. Katika ya pili kila kitu kimehamia kwenye simu, hakuna anayefungua mlango, buibui ndio wanaokata tiketi. Katika ya tatu mvua imeshinda bati, vikapu vimeota ukungu. Katika ya nne mji umekua, ghala limebanwa na maduka pande zote, na watoto wanaopita hawajui humo kuna nini.

Kila moja niliiandika kama barua kutoka kwa mtu wa kesho hiyo. Mchana nikawasomea.

"'Tulipofika,'" nikasoma, "'tulikuta picha ya marehemu Mwalimu Adela, mwanzilishi wa...'"

Ta Projest akakohoa.

"Soma tena hapo," akasema Ma Adela.

"'Marehemu Mwalimu Adela...'"

"Nimekufa na nini?"

"Sijaandika, Mwalimu."

"Mwandishi gani anaua mtu bila kusema sababu? Endelea."

Nikaenda kwenye ya pili. Alikuwa amekufa. Ya tatu, amekufa, na kaburi lake liko kwenye migomba, nilikuwa nimeliandikia aya nzima ya majani makavu yanayosemezana na upepo. Kufika ya nne sauti yangu ilikuwa imepungua kabisa.

"Mara nne kwa siku moja!" akasema. "Hata malaria haijawahi kunifanyia hivyo."

"Mimi je," Ta Projest akauliza, "nipo?"

"Hupo kabisa, Ta."

"Afadhali wewe uliyekufa, Adela. Mimi hata sikuzaliwa."

Tulicheka, wakuu. Ta Projest alicheka hadi akashika ukuta na manila mbili zikadondoka. Lakini kumtaja mtu mzima kuwa marehemu akiwa amekaa mbele yako, tena kwa sauti, si jambo la kuzoeleka kwetu. Niliona Ma Adela anacheka kwa mdomo peke yake. Baada ya muda akachukua mtandio wake akasema anaenda kupalilia. Saa nane ya jua kali.

Ta Projest akanitazama. "Futa hilo neno, mwanangu."

Nikalifuta. Kote nilikoandika "marehemu" nikaandika "Mwalimu Adela, ambaye bado ana nguvu tele". Nikapiga hesabu ya umri wake katika kesho hizo nikaona ni ajabu kidogo, nikaiacha.

Jumamosi saa tatu na nusu Evodius alifika. Gari jeupe, fundi kiti cha mbele na mita ya kupimia mapajani. Akamwacha fundi nje, akaingia, akamsalimia Ma Adela kwa kuinama kama mtoto aliyelelewa. Ma Adela akampa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, maana kwetu mgeni hasemeshwi mdomo ukiwa mkavu.

Nikasimama. Nikaanza.

"'Tulipofika tulipokelewa na Mwalimu Adela, ambaye bado ana nguvu tele...'"

"Rudisha marehemu," akasema Ma Adela.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Jana ulisema kweli, leo unasema uongo. Nina miaka sitini na nane. Rudisha marehemu, kisha uendelee."

Nikaendelea. Nikamuua mara nne mbele ya mwenye nyumba. Evodius alisikiliza huku anatafuna polepole. Nilipomaliza hakupiga makofi. Aliuliza swali moja.

"Ma Adela, nimeelewa kesho zote nne. Ni nzuri. Sasa katika hizo nne, nani omusika wa vitu hivi?"

Ta Projest akageuka kuutazama ukuta wa manila, nami nikageuka.

Wakuu, tulikuwa tumejaza ukuta mzima. Watalii, mvua, simu, maduka. Tulipanga nani atakuja, atakuja na chombo gani, atapita mlango upi. Sisi Wahaya, ambao hatumalizi matanga bila kumtaja mrithi, tulikuwa tumekaa siku mbili tunapanga miaka ishirini ya jumba na hatukutaja mrithi. Ni kosa la kwetu kabisa. Hakuna mwingine ambaye angelifanya vizuri hivyo.

Evodius akanyoosha mkono kwenye rafu, akachukua kibuyu kimoja chenye shingo ndefu na mkato mdogo karibu na mdomo.

"Hiki ni nini?"

Ma Adela akakaa sawasawa kwenye kiti chake. "Mimi ni marehemu. Waulize walio hai."

Evodius akamgeukia Ta Projest. Ta Projest, mtu wa maneno, akasema, "Hicho ni kibuyu."

"Naona ni kibuyu, Ta."

"Basi tumekubaliana."

Akanigeukia mimi. Nikasema kitu kuhusu kumbukumbu na shingo ya mwanamke. Msiniulize zaidi.

Evodius akakirudisha kibuyu. Nje nilisikia mlango wa gari, fundi alikuwa amechoka kukaa. Nikamwona Ma Adela ameshika ncha za mtandio wake kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu darasa la nne nikaona anaweza kuogopa. Miaka kumi ya mgongo wake ilikuwa imepangwa kwenye rafu zile, na ukimtoa yeye, hakuna aliyejua majina ya vitu vile.

Ndipo mlango ukasukumwa kwa bega. Kemi, vibuyu vinne kifuani, mkuki kwapani, kigoda kichwani.

"Samahani, kuna kikao? Naweka tu naondoka. Ma, kigoda hakina keki, kague mwenyewe."

"Dada," akasema Evodius, akikichukua tena kile kibuyu, "kabla hujaondoka. Hiki ni nini?"

Kemi hakutazama mara mbili. "Hicho cha kupelekea lubisi, pombe yetu ya ndizi, ukweni. Huo mkato ni wa kufungia kamba ya mgomba. Ukifika kamba imelegea, wanajua mmekunywa njiani, mnatozwa."

"Na hiki?" Akagusa kibuyu cha pembeni yake.

"Hicho cha kaka wa bibi harusi. Hakishikwi na mkono wa kushoto. Mtu wa juzi alikishika, mashangazi wakamsema hadi akahamia meza ya wapiga picha."

"Nani kakufundisha?"

"Hao hao mashangazi. Ukikosea kwenye sherehe wanakuchana mbele ya watu, kwa hiyo kila mara nawauliza, narekodi." Akaonyesha simu. "Nina sauti zao humu, za Kamachumu, za Bukoba, za kila nilikopeleka viti. Wengine wameshafariki. Kuna bibi mmoja ameimba."

Akabonyeza. Bibi akaimba ndani ya ghala la kahawa, kwa Kihaya cha ndani ndani, wimbo wa kumtoa binti nyumbani. Ta Projest akawa anasogeza midomo, anaujua nusu.

Ulipoisha, Ma Adela akasema polepole, "Miaka yote namwita mwizi."

"Mwizi wako mpendwa," Kemi akasahihisha.

"Kemi, ukikabidhiwa vitu hivi, utavifanyia nini?"

"Mimi? Ma, mimi mtu wa viti vya plastiki."

"Sikukuuliza viti."

Kemi akakishusha kigoda, akafikiri kweli kweli. Akasema angeacha viendelee kutoka na kurudi, kwa sababu kitu kinachokaa kwenye rafu watu wanakisahau, na kinachopelekwa ukweni watu wanakigombania. Na kila kinachotoka kingerudi na maelezo yake.

"Mwanamke awe omusika?" Ta Projest akaingilia, nusu utani, nusu si utani.

"Wewe kibuyu kimekushinda," akasema Ma Adela, "sasa unataka kuchagua mrithi?"

Evodius alicheka hadi kahawa ikamtoka. Halafu akasema maneno niliyoyaandika kwenye kiganja nisiyasahau: "Mimi nilirithi kuta. Huyu ameshaanza kurithi kilichomo. Nikimtoa, nitabaki na kuta."

Akatoka kumwambia fundi. Fundi alipima kweli siku hiyo, ila alipima rafu mpya, na sebule ya mbele ambako Kemi atafanyia maandalizi ya sherehe, na sehemu ya mapato itunze bati la jumba. Makubaliano yameandikwa safari hii, si ya maneno tu, na Kemi ametajwa humo kuwa omusika wa vitu. Na kila msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, watu wanaporudi nyumbani, tutakaa tena tuchore kesho upya, kwa sababu ishara hazigandi.

Baadaye nilirudi kwenye kesho zangu nne nikamweka Kemi ndani ya kila moja. Wageni wakija, ana sherehe hai ya kuwaonyesha. Dunia ikihamia kwenye simu, sauti za mabibi zipo. Mvua ikishinda bati, nusu ya vitu viko majumbani mwa watu vinakolindwa. Mji ukitubana, hao majirani wana mabinti wa kuoza. Hatua moja, kesho nne.

Na alikuwa amepita mlangoni Alhamisi nikiwa nimempa mgongo.

Hilo ndilo nililojifunza, wakuu. Kuitazama kesho si lazima ukodoe macho mbali. Mara nyingi imeshaingia chumbani, imebeba vibuyu, na wewe unasubiri itoke ili uendelee na presentation. Na mpango wowote wa miaka ishirini ambao mwanzilishi wake hafi, huo ni wa kumfurahisha mwanzilishi.

Kama kwenu kuna chumba cha vitu vya zamani, cha shule, cha ukoo, cha kanisa, nitajie hapa chini: anayejua majina yake ni nani, na baada yake ni nani? Wenye uzoefu wa makumbusho mnikosoe bila huruma. Na wale wa "chai", nafasi yenu ipo, nimewaachia na kashata.

Jumatatu nilikuwepo kabla sijarudi Bukoba. Ilikuwa siku ya kwanza ya Kemi. Ma Adela alikuwa ameaga mara tatu na bado amesimama katikati ya chumba.

"Ile ngoma usiiweke juani."

"Sawa, Ma."

"Na lile dirisha la mwisho lina tabia."

"Nalijua, Ma. Nililivunja mimi."

"Kumbe ni wewe!"

"Nenda nyumbani, Ma Adela. Kesho njoo kama mgeni, nitakupa kahawa."

Akasimama kizingitini akavitazama vitu vyake kwa utaratibu, rafu kwa rafu, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Kisha akajifunga mtandio, akashuka ngazi mbili kuelekea kwenye migomba bila kugeuka, na Kemi akaufunga mlango nyuma yake.